Hajamaliza

Mabenchi ya korido ya mahakama yalikuwa mawili, na yote mawili yalikaliwa na watu wenye magoti mazima. Kwenye la kwanza vijana wa mawakili walikuwa wamepanga mafaili yao, utadhani mafaili nayo yanaumwa mgongo. La pili alilikalia askari wa mlangoni, na pembeni yake ilikaa kofia yake, imepewa nafasi ya mtu mzima. Mbele yao alisimama bibi wa miaka themanini na ushei, mkono wa kulia umejikunja kifuani, wa kushoto umeng'ang'ania fimbo. Wote walimwona na hakuna aliyenyanyuka. Jamani, watu hawa walilelewa na nani?

"Nipisheni," alisema mama mmoja mnene aliyekuwa nyuma ya bibi huyo, na kabla hajapishwa alikuwa ameshakunjua kiti chake cha turubai katikati ya korido. "Bibi, kaa hapa. Taratibu. Haya, umefika."

"Mama, viti vya kutoka nje haviruhusiwi," alisema askari.

"Na adabu je, nayo hairuhusiwi? Nilikupokea kwa mikono hii, ulitanguliza miguu, ukamhangaisha mama yako mpaka asubuhi. Leo ndiyo umekuwa wa kunikagulia viti?"

Vijana wa mawakili wakaangua kicheko. Askari akaona haya, akaichukua kofia yake na kuivaa.

Ndiyo maana pale mahakamani walimwita Mama Kiti. Alikuwa mkunga maisha yake yote, na alipostaafu kukaa nyumbani kukamshinda, akajiunga na Wasindikizaji. Hao ni watu wa kujitolea wanaofuatana na wazee wenye kesi: wanawachukua nyumbani, wanawatafutia chumba kinachohusika, wanawashikia mkoba, wanakaa ubavuni mwao mbele ya hakimu ili mzee asijione peke yake. Mawakili siyo. Kazi yao ina sharti moja kubwa, na mratibu wao, binti mdogo mwenye macho makali, aliwaimbia sharti hilo tangu siku ya kwanza. Msindikizaji anaweza kumwombea mzee maji, kiti, choo, mapumziko. Kumjibia, hapana. "Midomo yenu iacheni getini," alikuwa akiwaambia. Mama Kiti alilikubali sharti kwa kichwa tu, maana mdomo wake haukuwahi kuachwa mahali popote.

Na bibi huyu alimtia uchungu kuliko wazee wote aliowahi kuwasindikiza. Alikuwa fundi cherehani. Alisomesha watoto kwa mishono, akajenga nyumba yake ndogo yenye kibaraza, na akaishi humo hata baada ya kuwa mjane. Kisha kiharusi kikampitia. Kilimchukua mkono wa kulia na kikamchelewesha ulimi. Akili hakikuigusa. Maneno yote alikuwa nayo, ila yalitoka kwa shida, moja moja, na kabla ya kila moja palikuwa na kimya kirefu cha kumtoa mtu jasho. Hata hivyo alipika, alifagia, alishona foronya kwa mkono mmoja, akasikiliza redio na kuizomea.

Sasa mwanawe mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Meneja, alikuwa ameiomba mahakama itamke kwamba mama yake hana tena uwezo wa kuamua mambo yake. Yeye Meneja awe msimamizi wake kwa kila kitu: nyumba, matibabu, wapi alale na nani amtembelee. Na hakuficha atakachofanya akikubaliwa. Nyumba iuzwe, mama ahamie chumba cha uani kwake, nyuma ya stoo ya saruji. Ati kwa usalama wake! Tayari alikuwa amepita na gari la dukani akabeba cherehani, ati mama asije akajichoma sindano. Mama mzima aliyeshona suruali ya shule ya huyo huyo mbebaji!

Wakaitwa ndani.

Chumba kilikuwa kidogo, rangi imebanduka, feni inalia juu kuliko watu. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, na mbele yake mafaili yalimfika kidevuni. Meneja alikaa na wakili wake upande wa pili, shati limepigwa pasi, uso umetiwa huzuni. Alipomwona mama yake alinyanyuka akamshika bega. "Mama hajambo, mheshimiwa. Mama anashukuru kwa kupewa nafasi." Mama mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anatafuta pa kuweka fimbo.

"Bibi," alisema hakimu, "unajua hapa ulipo ni wapi?"

Bibi aliinua uso. Midomo ikaanza kusogea, mishipa ya shingo ikasimama. Kimya. Karani akaacha kuandika. Wakili wa Meneja akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayeona mambo yanamnyookea. Mama Kiti akaiona aibu inamshukia bibi wa watu mbele ya macho yote yale.

"Anajua, mheshimiwa. Anajua yuko mahakamani."

"Nimekuuliza wewe?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Bibi, una watoto wangapi?"

Kimya tena. Bibi akafumba macho kama anayeinua kitu kizito. Mama Kiti akajishika, akajishika, akashindwa. Akainama sikioni mwake. "Wanne, Bibi. Sema wanne."

Wakili aliruka kama aliyekalia sindano. "Mheshimiwa, naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu! Hata idadi ya watoto aliowazaa mwenyewe anatajiwa na mtu wa kando. Mteja wangu amekuwa akisema nini siku zote? Mama huyu anasemewa. Bila wa kumsemea, hakuna kitu."

Hakimu alivua miwani, akamtazama Mama Kiti kwa muda. Alisema atampa bibi nafasi nyingine wiki ijayo, ya mwisho, kwa sababu ya leo imeharibiwa. Na kama msindikizaji atafungua tena mdomo kumjibia, atatolewa nje, na mahakama itaamua kwa kile ilichokiona.

Nje, mratibu alikuwa ameshapata habari. "Mama, umewapa kesi mkononi," alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ya chini ndiyo iliyouma. "Walikuwa hawana ushahidi. Umewatengenezea."

"Mwanangu, ulitaka nimwache adhalilike?"

"Nilitaka umwache ajibu."

Mama Kiti aliondoka amefura. Njiani aliwasema wote kimoyomoyo: hakimu asiye na subira, wakili mwenye kikohozi cha kununuliwa, Meneja na huzuni yake ya kupiga pasi, mratibu mtoto wa juzi. Alipowamaliza wote, akabaki yeye. Hapo ndipo hasira ilipogeuka ikamkalia kifuani, kwa sababu alijua kwamba kama nyumba ya bibi yule ingeuzwa, msumari wa mwisho alikuwa ameupigilia yeye, tena kwa huruma.

Kesho yake akaenda kuomba radhi.

Bibi alikuwa sebuleni, amekaa karibu na dirisha. Pale cherehani ilipokuwa palibaki alama nne za miguu kwenye sakafu, na katikati yake saruji ilikuwa nyeupe na laini kwa miaka ya kukanyagwa. Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na foronya iliyokatwa, haijashonwa. Mama Kiti alipoiona tu, akaanza.

"Shikamoo Bibi. Nisamehe Bibi, mimi mjinga, mimi domo kaya, sijui nilipatwa na nini, lakini usijali, wiki ijayo tutakwenda vizuri, wewe usiwe na wasiwasi kabisa, umekula? Hujala. Ngoja niweke chai." Akaingia jikoni, akaweka maji, akaendelea kuzungumza kutoka huko huko, akarudi na vikombe viwili. "Sukari vijiko viwili kama kawaida, eh?" Na kijiko kilikuwa kimeshazunguka kikombeni.

Akakaa. Akanywa. Na kwa mara ya kwanza tangu afahamiane na bibi huyu, maneno yakamwishia. Uchovu tu, wala hakupanga. Akabaki anazitazama zile alama nne sakafuni.

"Si," alisema Bibi.

"Siyo moto? Nikaipashe?"

"Si..."

"Simu? Unataka simu? Sindano?"

Bibi akapiga meza kwa kiganja cha kushoto, vikombe vikaruka. Mama Kiti akafunga mdomo. Nje mtu alipita anapiga mluzi, akapotea kabisa mtaa wa pili, na bado midomo ya Bibi ilikuwa inafanya kazi yake.

"Si...tumii... sukari."

Mama Kiti alikitazama kikombe, akamtazama Bibi. Tangu aanze kuja katika nyumba hii alikuwa akimtilia mwanamke huyu vijiko viwili, tena vya kujaa, na mwanamke huyu alikuwa akinywa mpaka tone la mwisho kwa adabu. "Ala! Kwa nini hukusema, Bibi?"

Safari hii alingoja. Ilimuwia vigumu kuliko kubeba gunia. Alikalia viganja vyake.

"Nili...kuwa... nasema," alijibu Bibi.

Wakacheka, maana hapakuwa na la kufanya. Bibi alicheka kwa upande mmoja wa uso mpaka machozi yakamtoka, Mama Kiti akacheka mpaka cheko likageuka kwikwi, akaifuta pua kwa kanga. Kisha Bibi akainua kidole, kwamba hajamaliza. Mama Kiti akangoja tena.

"Na watoto... ni wa...tano."

Loo! Mama Kiti alihisi kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Miaka yote ya ukunga, mwanamke yeyote aliyelala kwenye kitanda chake aliulizwa maswali mawili kabla hata hajavuliwa viatu: umezaa wangapi, na walio hai ni wangapi. Aliwafundisha wakunga wadogo kwamba swali la pili halijibu la kwanza, na aliyesahau alimkaripia hadharani. Leo yeye aliwahesabu waliopo, akamnong'oneza mama wa watoto watano aseme wanne. Angesema wanne kweli, angemkana mmoja mbele ya watu kwa sababu Mama Kiti alikuwa na haraka.

"Huyo wa tano, Bibi..." alianza, halafu akajikatiza. Akaweka kikombe chini. Kazi yake ya zamani nusu nzima ilikuwa kungoja. Aliweza kukaa na mzazi usiku kucha bila kumwambia chochote ila kumpangusa uso. Vipi basi alishindwa kumngojea mtu neno moja? Chai yenye sukari ikapoa, wala hakuna aliyeigusa. Na Bibi, kidogo kidogo, akamwambia.

Siku ya mahakama mratibu alitaka kutuma msindikizaji mwingine. Alimwuliza Bibi kwenye korido, na kwa kuwa aliijua kazi yake, akasubiri jibu. "Huyu... huyu," alisema Bibi, na fimbo yake ikamgonga Mama Kiti mguuni. Benchi la pili siku hiyo lilikuwa tupu. Askari alikuwa amesimama ukutani, kofia kichwani.

Wakili alianza yeye, na alianza kwa fujo. "Bibi, leo ni siku gani, na umekujaje hapa, na unakumbuka mara ya mwisho kumwona daktari?" Maswali matatu kwa pumzi moja. Bibi akafungua mdomo kushughulikia la kwanza. "Hukumbuki. Basi tuseme watoto. Una watoto wangapi? Swali rahisi kabisa hilo, Bibi. Hujui? Mheshimiwa, nadhani kimya hiki kinatosha."

Mama Kiti aliukumbatia mkoba wa Bibi mapajani akauminya mpaka kishikizo kikatoka. Damu ilimchemka. Hivi mtu akivaa tai ndiyo anapata ruhusa ya kumtimua bibi kizee kama kuku? Alitamani kusimama amwambie huyu kijana maneno ambayo mama yake alisahau kumwambia. Akasimama kweli. Mratibu, kule nyuma, akafumba macho.

"Mheshimiwa, sisemi kwa niaba ya mtu," alisema. "Naomba huduma tu, kama ninavyoruhusiwa kuomba maji. Naomba Bibi aulizwe swali moja, halafu chumba kizima kinyamaze. Wakili anyamaze, Meneja anyamaze. Na mimi ninyamaze."

"Kwa muda gani?" aliuliza hakimu.

"Mpaka amalize."

Hakimu aliyatazama mafaili yake. Nina kesi nyingine huko nje, macho yake yalisema, na watu wanasubiri. Halafu akamtazama Bibi, na huenda ndiyo mara ya kwanza kumtazama badala ya kumsoma kwenye karatasi. "Karani, zima hiyo feni," alisema. "Bibi, una watoto wangapi?"

Feni ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Ikasikika saa ya ukutani, kiatu cha mtu, koo la mtu. Midomo ya Bibi ilisogea ikakwama, ikasogea tena. Jasho likamtoka Meneja kwenye paji la uso. Mama Kiti akauma ulimi kwelikweli, akasikia ladha ya damu.

"Wa...tano."

"Wanne!" Meneja alikuwa ameshasimama, mikono imefunguka, na usoni ile huzuni yake yote. "Mheshimiwa, unaona mwenyewe. Tuko wanne. Mimi ndiye mkubwa, nawajua wadogo zangu. Mama yangu hatujui hata sisi. Mama anataka kusema..."

"Kaa," alisema hakimu.

"Lakini mheshimiwa, nilikuwa namsaidia tu..."

"Bibi hajamaliza. Kaa chini."

Alikuwa hajamaliza kweli. Shingo ilikuwa bado imekaza, na kidole kiko juu. Mama Kiti alilijua kila neno linalokuja, alilijua tangu kwenye ile chai iliyopoa, na alikaa nalo mdomoni kama mtu aliyebugia kaa la moto asiruhusiwe kulitema. Hakusema.

"Mmoja... kabla... yako," Bibi alimwambia mwanawe. "Wa kike. Nili...mzika... na mimba... yako... tumboni."

Hakuna aliyekohoa. Meneja, mtu mwenye mvi, aliyejiita kifungua mimba tangu apate akili, alimgeukia wakili wake. Alimtazama kama mtu ambaye angeweza kumtafutia kipingamizi. Ni mara ngapi mama huyu alijaribu kumwambia? Ni mara ngapi alianza, "Kabla yako...", akakatizwa, "Ndiyo mama, najua mama, mama amechoka, mpeni mama maji"?

Hakimu alingoja kidogo kisha akauliza swali la pili, polepole, kama anayejifunza lugha. "Bibi, unataka mwanao awe msimamizi wa mambo yako?"

Kimya kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza.

"Cherehani... yangu... iko wapi?"

Wakili akaona mwanya. "Mheshimiwa, ameulizwa habari ya usimamizi, anajibu habari ya cherehani. Kwa heshima zote..."

Hakimu aliinua mkono bila kumtazama. Mkono ukabaki hewani. Mama Kiti aliuona kwa jicho la pembeni akajiambia, mshike huyo mama mkono, Mungu, usiushushe.

"Ali...ichukua," alisema Bibi. "Hakuni...uliza. Sasa... nyumba." Akapumzika. Fimbo ikamtetemeka, Mama Kiti akanyoosha mkono kuishika, bila neno. "Halafu... mimi. Kama... meza." Akavuta pumzi, na neno la mwisho likatoka lote kwa mkupuo, safi, mpaka karani akashtuka. "Sitaki."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba mahakama imemsikia mhusika mwenyewe, kwamba kuchelewa kujibu siyo kutojua jibu, na kwamba maombi ya mwanawe yametupwa. Nyumba ni ya mama na maamuzi ni ya mama. Cherehani irudi ilikokuwa kabla ya wiki kwisha.

"Bibi, una la kuongeza?"

Wote wakangoja, sasa walikuwa wamezoea. Bibi akamgeukia Mama Kiti, upande mmoja wa uso ukiwa na ujanja.

"Huyu naye... hu...nitilia... sukari."

Karani ndiye aliyeanza kucheka. Hakimu aliinamia mafaili yake, mabega yakimcheza, na Mama Kiti alijifunika uso kwa mkoba uliokatika kishikizo.

Kwenye korido kiti cha turubai kilikuwa kinawangoja, askari amekilinda. Bibi alikuwa hajakaa vizuri Meneja alipotokea. Wakili wake alikuwa ameshaondoka zake. Watu walikuwa wengi, na wengi wao wanunuzi wa saruji, na jambo hilo alilijua.

"Mama," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "yaliyopita yamepita. Mimi nilifanya kwa mapenzi tu. Mama amenisamehe, jamani, mama hana kinyongo. Si ndiyo, mama? Haya, twende nikupeleke nyumbani." Na akamshika mkono ule mzima, wa kushoto, ili amnyanyue.

Bibi akauvuta mkono wake. Akainua kidole.

Ilibidi Meneja asimame pale, katikati ya korido, mbele ya vijana wa mawakili na askari na karani aliyetoka kunywa maji. Alifungua mdomo mara moja, akakutana na macho ya Mama Kiti, akaufunga. Hakuwahi maishani kumngojea mama yake hivyo. Mtu angeweza kumwona anavyoteseka, anavyobadilisha miguu, na Mama Kiti, Mungu amsamehe, alifurahi kumwona.

"Si...ja...kusamehe," alisema Bibi.

Korido nzima ilisikia. Meneja aliinamisha kichwa, akageuka, akaanza kuondoka na shati lake lililolowa mgongoni. Hatua hazijawa nyingi, Mama Kiti akamdaka mkono wa shati.

"Unakwenda wapi?"

"Si umemsikia?"

"Hajamaliza."

Akarudi. Alisimama mbele ya kiti kile cha turubai, na kwa kuwa hakujua afanye nini na urefu wake, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mama yake. Midomo ya Bibi ilikuwa bado inasogea. Macho yake hayakumwacha. Mama Kiti aliijua njia ya neno sasa. Aliliona linapanda kutoka mbali, linakwama, linaanza upya. Hakulisaidia.

"Bado," alisema Bibi.